Kengele ya Mlangoni: Namna Tulivyoitengeneza, na Kwa Nini



Mpendwa msomaji, sisi mafrateri tunaishi kwa kengele. Inatuamsha alfajiri, inatupeleka kanisani, darasani, mezani na shambani, na usiku inatunyamazisha. Walezi wetu hutukumbusha usemi wa zamani wa nyumba za malezi kwamba kengele ni sauti ya Mungu. Katika makala hii, hata hivyo, hatutazungumzia kengele ya seminari wala ile kubwa ya mnarani. Tutazungumzia kengele ndogo ambayo wengi wetu tumeipita bila kuitazama: ile ya mlangoni, ya zamani, isiyotumia umeme. Tutaeleza inavyofanya kazi, inavyoharibika, na namna ya kuitengeneza kwa vifaa vinavyopatikana hapa Bukoba na Muleba. Kwanza tueleze kilichotufanya tuishike.

Usiku wa mvua

Wakati wa likizo tulipangiwa kazi za kichungaji, tukiwa wanne, katika parokia moja wilayani Muleba. Nyumba ya mapadre ni ya zamani: kuta nene, paa la mabati, varanda mbele, na vyumba vya kulala nyuma kabisa, upande wa migomba. Mlangoni kulikuwa na kitufe cha kengele ya umeme. Kando yake ukutani kulikuwa na kishikio cha chuma kilichopakwa rangi ileile ya ukuta. Tulidhani ni pambo.

Wiki ya pili, paroko alipofungua mlango saa kumi na moja na nusu alfajiri ili aende kuadhimisha Misa, alimkuta mwanamume ameketi varandani, amelowa. Alikuwa ametoka kigango cha mbali kwa baiskeli kuja kumwitia padri mama yake mgonjwa. Alifika saa nane usiku. Alibonyeza kitufe mara mbili, akangoja. Umeme ulikuwa umekatika tangu jioni, naye hakujua. Alipiga hodi, lakini mvua ilikuwa inapiga mabati kwa nguvu. Kugonga kwa ngumi mlango wa mapadre usiku wa manane aliona si adabu. Akakaa. "Nilibonyeza, Baba, nikajua mmesikia. Nikadhani unajiandaa."

Paroko alichukua mafuta na Ekaristi, wakaondoka kwa pikipiki. Walipofika, mama alikuwa ameshaaga dunia, kama saa kumi hivi.

Hatusemi kwamba mama yule alikosa huruma ya Mungu kwa sababu ya kengele. Mungu hafungwi na kengele mbovu, na paroko aliwaambia wafiwa hivyo akisali pamoja nao. Lakini Sheria ya Kanisa, kanuni ya 529, inamtaka paroko awasaidie kwa moyo wagonjwa, hasa walio karibu na kufa, na kuwaimarisha kwa sakramenti. Ili aende, sharti aitwe. Na ili aitwe, sharti asikie. Jioni ile alituita varandani, akagusa kile kishikio kilichopakwa rangi. "Hiki zamani kilikuwa kinaliza kengele," alisema. "Angalieni kama kinaweza kuliza tena."

Hodi iliyorefushwa

Kwetu mgeni hujitambulisha kwa sauti. Katika msonge wa Kihaya waliokaa ndani hawakuwa mbali na mlango, na aliyesema hodi alisikika. Wamisionari wa Afrika walipofika Kashozi mwaka 1892, na baadaye nyumba za matofali zikaenea katika misheni zetu, kuta zilinenepa na korido zikarefuka. Sauti ya mgeni haikutosha tena. Kengele ya mlangoni ni hodi hiyohiyo, imerefushwa kwa waya.

Kanisa limelitilia maanani jambo hili kwa muda mrefu. Mtakatifu Benedikto, katika sura ya 66 ya Kanuni yake, anaagiza lango la monasteri liwekewe mzee mwenye busara, chumba chake kiwe karibu na lango, na amjibu upesi yeyote anayebisha au maskini anayeita. Mtakatifu Konrad wa Parzham, bruda Mkapuchini, alikuwa bawabu wa konventi ya Altötting, Ujerumani, kwa miaka 41 hadi alipofariki mwaka 1894. Papa Pius XI alimtangaza Mtakatifu mwaka 1934. Hakuandika vitabu vya teolojia. Alifungua mlango, akatoa mkate, akasikiliza.

Aina tatu za kengele zisizotumia umeme

Ya kwanza ni ya kuzungusha. Nje kuna kishikio kidogo kama ufunguo, na ndani ya mlango kuna bakuli la chuma. Mgeni akizungusha kishikio, gia ndogo zinazunguka, na nyundo zinapiga bakuli kutoka ndani. Ukitaka kuielewa, fungua kengele ya baiskeli. Kidole gumba kinasukuma kipande chenye meno, meno yanazungusha gia, gia inazungusha vipande vya chuma vilivyolegea, navyo vinagonga kuta za bakuli. Ni ufundi ule ule. Kule East Hampton, katika jimbo la Connecticut nchini Marekani, kampuni ya Bevin Brothers imekuwa ikitengeneza kengele tangu mwaka 1832, na mji huo umepewa jina la utani la mji wa kengele.

Ya pili ni ya kubonyeza, yenye sauti mbili. Mgeni akisukuma kitufe, kijiti kinasogea na kugonga bamba la kwanza. Akiachia, springi inakirudisha kijiti, nacho kinagonga bamba la pili lenye sauti ya chini zaidi. Kengele nyingi za umeme zenye milio miwili zina mpango kama huu. Tofauti ni kwamba ndani yake sumaku ya umeme ndiyo inayosukuma kijiti badala ya kidole.

Ya tatu ni ya kuvuta, na ndiyo tuliyoikuta. Ina sehemu tano. Kuna kishikio cha nje kinachovutwa. Kuna waya unaopita ukutani. Kuna vipande vyenye umbo la herufi L, tulivyoviita viwiko kwa kuwa vinafanya kazi kama kiwiko cha mkono: waya ukivuta ncha moja, ncha ya pili inavuta upande mwingine, na hivyo mvuto unakata kona. Kuna springi ya kurudisha kishikio mahali pake. Mwisho kuna kengele yenyewe, inayoning'inia kwenye springi bapa iliyokunjwa mithili ya alama ya kuuliza. Mgeni akivuta na kuachia, springi hiyo inaitikisa kengele kwa sekunde kadhaa, na ulimi wake unagonga mara nyingi kwa mvuto mmoja. Katika majumba makubwa ya Ulaya walizipanga kengele kama hizo koridoni, na mtumishi aliyechelewa kufika alitazama ipi bado inacheza ili ajue ameitwa kutoka chumba gani.

Kuna jambo moja ambalo aina zote tatu zinafanana. Anayevuta au kuzungusha anasikia mkononi mwake kama kuna kitu upande wa pili. Waya ukiwa umekatika, kishikio kinalegea, naye anajua atafute njia nyingine. Kitufe cha umeme kinabonyea vilevile, umeme uwepo au usiwepo. Yule mwana alingoja saa tatu na nusu kwa sababu kitufe hakikumwambia kitu.

Ugonjwa ulikuwa wapi?

Kabla ya kushika bisibisi tulijaribu kutumia tulichojifunza darasani. Aristotle anafundisha kwamba kitu kinaelewekwa kwa sababu nne: kimetengenezwa kwa nini, kina umbo gani, nani anakitenda, na ni kwa lengo gani.

Maada ilikuwepo yote: kishikio, viwiko, kengele. Mtendaji alikuwepo: mkono wa mgeni haujawahi kukosekana mlangoni pa padri. Umbo, yaani mpangilio unaounganisha sehemu ziwe kitu kimoja, ndilo lililovunjika. Tetemeko la ardhi la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, lilipasua ukuta wa mbele. Waliouziba ufa walipiga plasta juu ya tundu la waya, na saruji ikaushika waya kabisa. Baada ya hapo likaja tatizo la lengo. Kengele iliyonyamaza ilisahauliwa kwamba ni kengele, ikapakwa rangi pamoja na ukuta, kishikio nje na bakuli ndani. Tulihesabu tabaka tatu.

Hatua tulizofuata

1. Picha kwanza. Tulipiga picha kwa simu kila sehemu kabla ya kuigusa, na tena kila tulipotoa skrubu. Skrubu tulizibandika kwenye karatasi kwa mpangilio zilivyotoka. Usitegemee kumbukumbu, baada ya siku tatu skrubu zote zinafanana.

2. Kulegeza bila kuvunja. Skrubu za shaba ni laini, na bisibisi nyembamba huzila kichwa. Tulitafuta bisibisi inayojaza mfereji wa skrubu, tukadondoshea mafuta ya taa na kuacha usiku kucha. Moja iliyogoma tuliigusa kwa ncha ya chuma cha kulehemu kilichopata moto, tukangoja ipoe, ikakubali.

3. Kuondoa rangi. Rangi huzima mlio, kwa kuwa inazuia chuma kutetemeka. Msasa usitumike hapa. Rangi nyingi za mafuta za zamani zina madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Tulichemsha sehemu zile nje ya nyumba, katika sufuria ya zamani isiyopikiwa tena, kwa maji yenye magadi. Rangi ilivimba, tukaikwangua ikiwa bado na maji, kwa kijiti cha mwanzi, huku tumevaa glavu. Mabaki tuliyafukia mbali na kisima na bustani.

4. Kusafisha shaba. Chini ya rangi kishikio kilikuwa shaba ya njano, yaani mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Limau na majivu laini vilitosha. Onyo: usiiache shaba hiyo ndani ya limau kwa saa nyingi, maana tindikali huila zinki na kuacha madoa mekundu. Sugua, suuza, kausha. Wala usitafute mng'ao wa kikombe cha kalisi. Alama za mikono iliyovuta kwa miaka mingi ni sehemu ya historia yake.

5. Kuipima kengele. Shaba ya kengele ni mchanganyiko mwingine: katika kila sehemu 100, takribani 78 ni shaba nyekundu na 22 ni bati. Mchanganyiko huo ni mgumu, unalia vizuri, lakini unapasuka upesi. Tuliining'iniza kwa kamba na kuigonga kwa fundo la kidole. Kengele nzima inaendelea kuvuma; yenye ufa inatoa sauti ya chungu kilichopasuka, na kuilehemu kwa risasi hakurudishi mlio. Yetu ilivuma. Tulishangilia kiasi kwamba mpishi alitoka jikoni kuuliza nani amefika.

6. Waya mpya. Waya wa zamani ulikuwa umeliwa na kutu. Tulitoboa plasta taratibu, tukapitisha bomba jembamba la plastiki ukutani ili saruji isiushike waya tena. Ndani ya bomba tuliweka waya wa breki wa baiskeli, kwa kuwa unapinda bila kurefuka. Sehemu zilizonyooka tuliweka waya wa kawaida wa mabati, lakini kwanza tuliuvuta kwa nguvu, watu wawili huku na wawili kule, ukaisha kurefuka. Usipofanya hivyo, baada ya wiki utalegea, na mvuto wote utaishia kwenye ulegevu.

7. Springi. Ile ya kurudisha kishikio ilikuwa imekatika, nasi tukaenda Bukoba mjini kwa fundi baiskeli, mzee ambaye vijana wote pale wanamwita Babu. Kwanza tuliomba springi ya stendi ya baiskeli. Tulipoifunga, kengele ililia, lakini mtoto wa katekista, mwanafunzi wa darasa la kwanza, alivuta kwa mikono miwili akashindwa. Tulirudi. Babu alicheka. "Springi hii kazi yake ni kurudisha mkono wa kengele," alisema, "haikutumwa ipigane na mgeni." Alichukua waya mwembamba wa chuma kigumu, akauviringisha kwenye msumari, akatupa springi laini. Mtoto yule sasa anavuta kwa vidole viwili.

8. Mafuta. Tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kila kiwiko linatosha. Grisi inakusanya vumbi, na mafuta ya kupikia yanaganda yakawa gundi. Kwenye kishikio cha nje, penye mvua na vumbi la barabara, tulitumia unga wa penseli, ambao unateleza bila kushika uchafu.

Kazi yote ilichukua siku sita, na hakuna kifaa hata kimoja kilichoagizwa kutoka nje ya mkoa. Tusione ajabu. Huko Katuruka, Maruku, si mbali na mji wa Bukoba, watafiti walifukua mabaki ya tanuri za kuyeyushia chuma zenye umri wa takribani miaka 2000, na mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha utafiti wao kuhusu ufundi huo wa mababu wa Kihaya. Mikono ya mkoa huu inakijua chuma tangu zamani.

Jaribio la mvua

Tulidhani tumemaliza. Paroko akasema, "Ngojeni mvua." Bukoba hupata takribani milimita 2000 za mvua kwa mwaka, kwa hiyo hatukungoja sana. Ilipoanza kupiga mabati usiku, mmoja wetu alisimama varandani akavuta, na watatu tukalala vyumbani, milango imefungwa. Hatukusikia kitu. Kengele ilikuwa inalia vizuri kabisa kwenye ukumbi wa mbele, mahali ilipofungwa zamani, wakati kasisi alikuwa analala chumba cha mbele. Siku hizi chumba hicho ni ofisi.

Hapo tulibishana. Mmoja alisema tuiache mahali pake pa asili, maana tunatengeneza kitu cha kale. Wengine walisema mahali pake pa asili ni karibu na sikio la padri. Tulikubaliana na hoja ya pili, lakini kwa masharti. Hatukuziba matundu ya zamani, tuliongeza kiwiko kimoja tu, na bamba la awali tulilihifadhi katika kopo lenye maelezo, ili atakayekuja baada yetu aweze kuirudisha akitaka. Kengele ikahamia korido ya vyumba vya kulala. Mvua iliyofuata, wote watatu tuliamka.

Kwa nini hatukununua tu betri?

Swali hili tuliulizwa na waumini, na ni swali zuri. Kengele ya betri ingewekwa kwa dakika kumi. Kengele ya umeme hatukuiondoa. Mchana inatumika kama kawaida. Lakini betri huisha kimya kimya, na anayegundua kwamba imeisha ni mgeni, usiku, bila kujua kwamba amegundua. Kengele ya kuvuta inategemea mambo matatu: mkono, waya na sikio. Mkono anauleta mgeni. Waya tumeutengeneza.

Sikio ndilo lililobaki, na hilo hatukuweza kulipata kwa fundi. Kengele nzima katika nyumba ambayo kila mmoja anadhani mwenzake ataamka haina tofauti na kengele iliyopakwa rangi. Ndiyo maana kabla hatujaondoka paroko alibandika koridoni orodha ya zamu. Kila usiku mmoja ndiye bawabu, naye hulala chumba kilicho chini ya kengele: padri, frateri aliye likizoni, au mlinzi. Mafuta ya wagonjwa na tochi vinakaa mezani hapo.

Yule mwana alirudi wiki ya tatu kuweka nia ya Misa kwa ajili ya mama yake. Ilikuwa mchana, na mlango ulikuwa wazi. Alikitazama kishikio cha shaba, akatuuliza kama anaruhusiwa, akavuta. Kengele ililia kule nyuma. Alisimama akaisikiliza mpaka ikanyamaza, kisha akaingia ofisini.

Mpendwa msomaji, huenda parokiani kwako, kigangoni au katika nyumba ya masista iliyo karibu nawe, kuna kishikio kama hicho kimefunikwa na rangi, au kamba iliyokatika kando ya mlango wa sakristia. Kivute. Kikigoma, usikilazimishe, fuatilia waya unaelekea wapi, kisha mwone paroko kabla hujatoa skrubu hata moja. Na kama kengele yenu ni ya umeme na inalia vizuri, tunawaombeni jambo moja dogo: usiku mmoja umeme ukikatika, mtu mmoja asimame nje na kuita, na ndani mwangalie nani amesikia.